Hewa ya Ijumaa

Jumamosi, 25 Aprili 1981

Bwawa la shule tangu saa mbili. Maji baridi, majani yameelea juu, hakuna wa kuyatoa ila mimi. Wanafunzi wanne. Wawili bado wanapigana na maji utadhani yamewatukana. Kamau, fundi wa magari hapa Kariobangi, ana nguvu za kutosha lakini anabugia hewa kama mlevi. Mtungi wa hewa wa saa nzima anaumaliza kwa dakika ishirini na tano. Nikamwambia apumue kama mtu anayesoma gazeti. Akacheka chini ya maji, yakamwingia puani. Shauri yake.

Rispa ni habari nyingine. Karani wa reli, miaka ishirini na sita, binti wa Mzee Wafula wa Makongeni. Leo nilimfungia hewa chini kabisa bila kumwonya. Hakutapatapa. Alinitazama, akapitisha mkono shingoni kama nilivyowafundisha, akasubiri. Akasubiri! Bandarini nimefundisha wanaume waliozaliwa wakinusa chumvi na hawakuwa na utulivu huo.

Miaka kumi na minane ya kuzamia chini ya meli sikupata raha ninayoipata kwenye kibwawa hiki. Mtu mzima akigundua kwamba anapumua chini ya maji, macho yanakuwa makubwa ndani ya miwani. Kila mmoja. Sichoki kuyatazama.

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua. Dukani kwangu kutwa nzima, kati ya mitungi ya kupigia mbizi. Watu bado wanaingia kuuliza gesi ya kupikia. Mama mmoja ameshika mtungi, akauliza kama unawasha na taa. Nikamwambia humu mna hewa tu. Akaniangalia kwa huruma, mtu mzima kuuza hewa. Akaenda zake.

Fundi wa vitanda, jirani wa mbele, anapuliza rangi hadi mlangoni kwangu. Hainisumbui tena. Tangu Machi bomba la kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi, linalovuta hewa nimelipitishia ukuta wa nyuma. Huko hakuna mtu wala gari, ni uchochoro mtupu. Hewa kwanza, ndivyo ninavyowaimbia wanafunzi hadi wananiigiza. Miwani ikivuja utaishi. Hewa ikiwa mbovu, huna la kufanya.

Mzee Wafula amepita. Alikuwa gadi wa treni, amestaafu, bado anatembea kama mtu anayekagua mabehewa. Dada yake, ambaye pale nyumbani kila mtu anamwita Senge, hataki kusikia habari ya Rispa na maji. Mwanamke na vilindi wapi na wapi. Atashtuka, atafia huko, atatuaibisha. Mzee alinieleza yote hayo amesimama, kofia mkononi. Kisha akasema, "Mimi nimekubali, Mwalimu. Lakini nimekubali kwa sababu yako."

Nilifurahi kuliko inavyofaa.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua imeng'oa mabati ya Mutiso. Ni jirani yangu wa pili, fundi wa majiko, Mkamba mpole. Ameomba kuhamishia tanuri lake la makaa nyuma ya duka langu, chini ya upenu. Nikamwambia hamna shida. Nikamsaidia kulibeba.

Mtungi wangu niliujaza jana. Ya wanafunzi nitaijaza Ijumaa.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi lakini mimi nimefungua. Mutiso naye hajui sikukuu, anagonga bati na kuchochea moto tangu asubuhi. Nimejaza mitungi miwili, wa Rispa na wa Kamau. Kesho tunakwenda timboni, lile timbo la mawe la zamani kule upande wa Njiru lililojaa maji. Mita kumi na mbili. Wale wengine wawili hawajaiva.

Rispa alikuja kukagua vifaa vyake mwenyewe. Aliniuliza tumbo la meli linaonekanaje ukiwa chini yake. Nikamwambia ni kama kulala chini ya nyumba ya mtu mwingine, unasikia wanavyotembea. Akasema Desemba atachukua likizo ashuke pwani akaone. Nikasema nitampeleka mimi.

Eliza, mke wangu, ananicheka kwamba ninaimba jikoni. Na niimbe. Nina mwanafunzi.

Jumamosi, 2 Mei

Rispa amekufa. Siwezi kuandika.

Jumapili, 3 Mei

Niandike. Nisipoandika nitaanza kukumbuka vingine.

Tulishuka saa nne na robo. Maji rangi ya chai ya maziwa lakini chini yalikuwa maangavu kidogo. Rispa alikuwa mbele yangu, polepole, safi. Dakika kama kumi na tano. Kamau akanishika bega, akaonyesha kichwa, akaonyesha juu. Tukaanza kupanda wote watatu, tukishika kamba. Kwenye mita sita Kamau alikuwa anataka kutapika. Nikamwashiria Rispa abaki hapo kwenye kamba anisubiri. Akajibu sawa. Nilimtoa Kamau hadi ukingoni. Kichwa kinampasuka, akasema. Nikamfokea kwamba amelewa jana. Nikarudi chini.

Hazikupita dakika tatu. Kumwacha mwanafunzi peke yake ni marufuku, mimi ndiye ninayekataza. Nimemwacha.

Kamba haikuwa na mtu. Nilimkuta chini kabisa, amelala ubavu, mpira wa mdomoni umetoka. Nikamtoa. Nikampulizia, nikambana kifua, nikampulizia tena hadi Kamau akanivuta shati. Midomo yake ilikuwa myekundu. Nilidhani amepaka rangi. Rispa hapaki rangi.

Polisi wakaja, wakaandika. Daktari akasema amekufa maji. Afande akaniuliza kama huenda alishtuka akautoa mpira mwenyewe. Nikasema labda. Neno dogo namna hiyo.

Jumanne, 5 Mei

Matanga Makongeni, alasiri. Viti hadi barabarani. Kwa watu hawa aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho lazima asimame asimulie kifo, tangu asubuhi ya siku hiyo hadi mwisho. Hakuna anayemkatiza. Hawaziki mpaka wasikie. Sikuwa ninajua. Mtu mmoja wa kanisa aliniambia nikiwa nimekwisha kaa, kwamba baada ya wimbo huu ni zamu yako, Mwalimu.

Nilisimama. Nilianza vizuri, jinsi alivyofika mapema, jinsi alivyokagua kamba. Nikafika pale kwenye mita sita. Mbele yangu nyuso zote hizo. Nikasema, "Nadhani alishtuka. Akautoa mpira mdomoni." Nikakaa.

Watu wakashusha pumzi. Senge akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini lakini tukaisikia sote, "Nilisema mimi." Mzee Wafula hakuinua uso.

Rispa kushtuka. Yule yule aliyenisubiri bwawani bila hewa. Nimesimama mbele ya baba yake nikasema alishtuka. Na midomo nilikuwa nimekwisha iona. Nilijua na sikutaka kujua.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda dukani asubuhi, nikazunguka nyuma. Tanuri la Mutiso liko chini ya upenu. Mdomo wa bomba langu uko juu yake, hatua moja, haizidi. Makaa yalikuwa yanawaka mekundu, hayana moshi wala harufu. Mutiso akanipa pole, akaniuliza kama nimekula.

Mtungi wa Rispa polisi hawakuuchukua, hawakujua ni wa nini. Una hewa zaidi ya nusu. Nikafunga mlango, nikakaa kwenye kiti, nikaupumua nikitazama saa. Dakika ya kumi na mbili kichwa kikaanza kugonga. Ya ishirini tumbo likapinduka. Nikaacha, nikatoka nje, nikakaa chini kwenye tope.

Baadaye nikapumua mtungi wangu, ule wa Jumanne, kabla tanuri halijahamishwa. Dakika thelathini. Hakuna kitu.

Bandarini tulifundishwa. Sumu ya makaa haina harufu, na chini ya maji nguvu yake inaongezeka. Inakulaza usingizi. Inaacha midomo myekundu. Nilifundishwa, nikafundisha wengine. Bomba nimelihamisha mimi. Tanuri nimeliruhusu mimi, na upande mmoja nimelishika kwa mikono yangu. Mitungi nimejaza mimi huku nikiimba.

Rispa hakushtuka. Alilala.

Jumamosi, 9 Mei

Bungoma. Tumemzika leo mchana kwenye boma la baba yake. Nilisafiri na basi la matanga, nikaketi kiti cha nyuma, hakuna aliyenisemesha vibaya. Afadhali wangenisemesha.

Nilikuwa nimejiandaa. Huku nyumbani husimuliwa tena, nilijua, na nilikuwa na maneno yangu mdomoni. Lakini hawakunisimamisha mimi. Alisimama Senge, akasimulia kwa niaba yangu, akaongeza. Kwamba nilimkataza asishuke siku hiyo. Kwamba nilimwambia atulie, akakataa kusikia. Watu wakanitazama kunihurumia. Mwanamume mmoja akanishika mkono.

Kisha Mzee. Hakulia. Aliliambia jeneza kwa Kibukusu, na kijana wa basi akanifasiria sikioni. Binti yangu, ulikuwa mkaidi tangu utoto. Mwalimu alikwambia tulia. Kwa nini hukutulia?

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nikachota udongo, nikatupa, nikasogea. Mwoga wa siku ile ni mmoja tu na hayumo kaburini.

Jumatano, 13 Mei

Sijafungua duka. Bomba nimelikata. Kompresa nimeifunika gunia.

Kamau amekuja nyumbani. Ameacha kupiga mbizi, asema, mama yake, mathe kama anavyomwita, anamlilia. Hakuondoka. Akachezea funguo, kisha akasema, "Mwalimu, yule hakuwa wa kushtuka. Na mimi Ijumaa sikuwa nimekunywa." Fundi wa magari huyo, moshi wa gereji anaujua.

Nikamwambia aende, nina kazi. Kazi gani? Alipoondoka nikajifungia chooni nikalia kama mjinga.

Jumapili, 17 Mei

Nimemwambia Eliza. Alikuwa anapiga pasi nguo za wiki. Hakusimamisha pasi. Akamaliza gauni, akaliangika. Akasema duka watalifunga. Akasema wanaweza kunifunga na mimi. Nikasema najua.

Halafu akaniambia jambo alilolisikia leo kanisani na hakutaka kunieleza. Wazazi wamewaondoa wasichana wao kwenye bwawa la shule. Wote. Mama mmoja alimwambia binti yake mbele za watu, unataka kufa kama yule wa Makongeni aliyeshindwa kutulia?

Kwa hiyo ndilo jina lake sasa. Yule aliyeshindwa kutulia. Nimempa mimi.

Alhamisi, 21 Mei

Nilitoka kwenda Makongeni. Nikafika hadi kwenye nyumba zao za reli, nikawaona watoto wa jirani wanaruka kamba. Nikageuka. Kutoka pale hadi Kariobangi kwa miguu, nikijitukana njia nzima.

Jumapili, 24 Mei

Nimesema.

Mzee amerudi Nairobi tangu wiki jana. Nilimkuta peke yake, Senge yuko kanisani. Anachuja chai mwenyewe. Alinikaribisha vizuri mno. Akanipa kiti chenye mto.

Sikunywa chai. Nikaanza na bomba la Machi, nikaja kwenye mvua, nikaja kwenye tanuri. Nikamweleza nilivyojaza mitungi. Nikamweleza midomo. Nikamwambia nilivyopumua mtungi wa Rispa nikataka kutapika. Nikamwambia nilijua kabla ya mazishi na nikanyamaza. Sikujitetea. Nilipofika mwisho nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Nje mtu alikuwa akifua na redio imewashwa. Nikangoja anifukuze. Nilitaka anifukuze.

Akauliza, "Aliogopa?"

Nikasema hapana. Hewa hiyo humlaza mtu. Alisinzia, mpira ukamtoka mdomoni. Alikuwa kwenye kamba ananisubiri, kama nilivyomwambia.

"Kwa hiyo alikusikia."

Nikasema alinisikia, Mzee. Alinisikia mpaka mwisho.

Hapo ndipo alipolia. Sijapata kumwona mzee akilia namna ile, bila kufunika uso. Kisha akasema, na maneno haya ninayaandika kama alivyoyasema, "Wiki tatu nimemkasirikia mwanangu, Mwalimu. Nimemzika nikiwa na hasira naye. Mtungi ni bahati mbaya. Hili la hasira ni lako."



Jumanne, 26 Mei

Polisi. Mzee alikuja nami, sikumwomba. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini, mpaka nikamaliza kuandikisha. Afande aliandika polepole, akauliza kompresa ni kitu gani. Akasema wataniita. Nikaacha ufunguo wa duka mezani, akaniambia nichukue, hahitaji. Nikauchukua.

Mutiso nimemweleza pia. Alikaa juu ya jiko lisilokamilika akashika kichwa. Nikamwambia yeye hana hatia, aliomba ruhusa na mimi nikampa. Hakunisikia. Tanuri amelibomoa mwenyewe kabla ya jioni. Namwonea huruma, na sina haki hata ya kumfariji.

Mzee ametaka jambo moja tu. Nisimame tena mbele ya watu wale wale, nisimulie upya tangu asubuhi. Jumamosi.

Jumamosi, 30 Mei

Makongeni, saa tisa. Watu wachache kuliko mara ile lakini wa kutosha. Kamau alikuja, akasimama nyuma na ovaroli lake. Eliza kando yangu.

Nilisimulia. Tangu asubuhi, tena tangu Machi. Nilipofika kwenye mita sita sikukaa. Nikasema Rispa Nekesa hakushtuka. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na aliuawa na hewa niliyoijaza mimi. Nikasema nilidanganya hapa hapa, mbele yenu, na nikawaacha mkaupeleka uongo wangu hadi kaburini.

Hakuna aliyenikatiza. Ndiyo desturi. Baadaye wanaume wawili waliondoka bila kunipa mkono. Ni haki yao. Mmoja aliniita muuaji. Nalo ni haki yake.

Senge alibaki amekaa mpaka viti vikaanza kukusanywa. Nikaenda kumwomba radhi. Hakunitazama. Akasema tu kwamba wiki nzima baada ya mazishi aliwasimulia wasichana wa ukoo kisa cha binti asiyesikia. Sasa atawazungukia nyumba hadi nyumba, na miguu yake imevimba. Akainuka akaenda.

Jumapili, 31 Mei

Eliza ameniuliza kama nitafundisha tena. Nikasema sina haki. Hakuuliza kama nina haki, aliuliza kama nitafundisha.

Nataka. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Jana asubuhi saa mbili nilikuwa macho, mikono inatafuta kazi, nikifikiria majani yaliyoelea bwawani. Mwanafunzi wangu amekufa kwa mkono wangu na mimi bado nataka kuona macho ya mtu yakiwa makubwa ndani ya miwani. Sijui huyu ni mtu wa namna gani.

Jumanne, 2 Juni

Nimemsindikiza Mzee Wafula stesheni. Amepanda gari la moshi la Malaba, linalopitia Bungoma. Mzigo wake ni koti na chupa ya chai. Wafanyakazi wa zamani walimsalimia mpaka akaona haya.

Hakuna msiba mpya wala mkutano wa ukoo. Anakwenda kaburini kuzungumza na binti yake. Nilisema ningependa kwenda naye. Akasema hapana, hayo ni ya wao wawili.

Alipokwisha kukaa alishusha kioo, akanipa mkono. Hakusema amenisamehe. Alisema nisisimame karibu na reli.

Treni ikaondoka kwa wakati. Nikarudi nyumbani kwa miguu.